Nilivyoisafisha Santuri ya Mama

Nianze na fundi, kwa sababu katika watu wote niliowadharau mwaka ule, yeye ndiye niliyemdharau kwa raha zaidi.

Kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya Bariadi. Mabati matatu, meza moja, na juu ya meza matumbo ya redio za watu. Anatengeneza redio, subwoofa, pasi na feni, na akikuta huna cha kutengeneza anakuuzia nyimbo: unampa memori ya simu yako, anakujazia nyimbo mia mbili kwa mkupuo, hajali nani kaimba wala kaimba nini. Ni mtu wa makamo, ana kitambi, na sikioni ana kalamu ambayo sijawahi kumwona akiandikia. Kwao ni Shishiyu. Kila anayepita anamsalimia, "Mwadila!", naye anaitika bila kuinua kichwa, "Mhola!", huku bati likitetemeka kwa spika aliyoitoa nje ili tujue yupo. Kama vile kuna mtu mjini hapa alikuwa na shaka.

Mimi nilifundisha fizikia sekondari miaka thelathini na ushei. Nimestaafu nikiwa na akili zangu zote na ulimi wangu wote. Nayasema mapema ili ujue ni mwanamke wa namna gani aliyeingia kwenye kile kibanda amebeba gramafoni ya baba yake, ameifunga kwa kitenge kama anapeleka mtoto kliniki.

"Hii ni ya mwaka gani, mwalimu?" akauliza fundi.

"Ya mwaka ambao vitu vilitengenezwa na watu wanaojua kazi," nikamjibu.

Akacheka. Watu wa aina yake hawatukaniki, na hilo nalo liliniudhi.

Gramafoni yenyewe ni sanduku dogo lenye mfuniko, linatumia mawe sita ya redio. Baba aliinunua kwa pamba, kijijini Sapiwi, zamani ambapo mtu akivuna vizuri anajulikana kwa baiskeli, redio na gramafoni. Alikuwa na santuri thelathini hivi. Nyingi ni za mabendi ya dansi, nazo hata zikiliwa na mchwa leo sitatoa chozi. Ila moja ilikuwa tofauti. Ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, na karatasi yake ya katikati ilishabanduka. Hiyo waliimba watu wa Sapiwi wenyewe.

Habari yake ni hii. Nilipokuwa bado nanyonya, kijijini walipita watu wa kurekodi na gari lao. Wakalikuta kundi la kulima, lile la majirani wanaokwenda shamba la huyu leo na la yule kesho, wanalima kwa ngoma na nyimbo, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Wakawasimamisha mbele ya kipaza sauti. Mama yangu alikuwemo. Mwaka uliofuata santuri zikaja kuuzwa mjini, baba akanunua moja, na mwaka uliofuata tena mama akafa. Nilikuwa na miaka mitatu. Sura yake siikumbuki, na picha hakupiga. Kilichobaki cha mama yangu duniani ni dakika tatu kwenye kile kisahani cheusi. Baba akikiweka alikuwa anasema maneno yale yale, "Mama yako yumo humu," kisha ananyamaza hadi wimbo unaisha.

Na mimi nilimjua mama yangu ni yupi mle ndani. Wimbo unaanza na mwanamke mmoja, peke yake, sauti imepanda juu, haina hata chembe ya mchanga. Kundi linamwitikia. Huyo ndiye alikuwa mama. Sikumbuki mtu yeyote kuniambia. Nilijua tu, kama mtoto anavyojua chungu kipi kina nyama.

Kwa ajili ya sauti hiyo niliingia kwaya nikiwa msichana, na sijatoka. Kanisani kwetu wote wanajua kwamba sauti yangu ni ya urithi, kwa sababu niliwaambia. Mwalimu wa kwaya tuliye naye sasa ni bwana mmoja wa ofisi ya kilimo, kahamishiwa huku kutoka Mbeya, kijana wa miaka arobaini anayevaa sweta Bariadi. Sweta! Kila Jumamosi mazoezini anasimamisha kinanda, anafunga macho kama mtu mwenye jino bovu, anasema, "Mama, sauti ipo. Ila unachelewa." Namwangalia tu. Mtoto aliyekuja juzi na basi aje kumfundisha Msukuma mdundo! Nilimwambia siku moja kwamba mimi sichelewi, ila wenzangu wana haraka. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka.

Tuje kwenye masikio ya baba. Sikio la kulia lilikufa siku nyingi. La kushoto lilikuwa linasikia ukimpigia kelele, na ukimpigia kelele anakwambia usimgombeze. Nikampeleka hospitali. Daktari akachungulia, akapima, akanivuta pembeni: hakuna dawa, hakuna upasuaji, linafunga. Labda miezi, akienda mbali sana mwaka. Nikarudi kwa baba, nikamwandikia kwenye karatasi kwa sababu sikutaka kuyapigia hayo kelele kwenye korido ya watu. Akasoma taratibu, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Basi, mayu," akasema, maana baba zetu hutuita mabinti zao mama, "nataka nimsikie mama yako kabla mlango haujafungwa."

Gramafoni ilikuwa imekufa zamani. Na hata ingekuwa hai, kispika chake kidogo asingekisikia. Kitu pekee alichokuwa anasikia vizuri ni simu yangu, nikimvika hedifoni na kuweka sauti ya mwisho. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja, na iko wazi: wimbo utoke kwenye santuri, uingie kwenye kompyuta, uhamie kwenye simu, ufike kwenye sikio la baba kabla sikio halijafunga.

Ndipo nikaenda kwa fundi.

Alilifungua lile sanduku mbele yangu. Mkanda wa kuzungushia sahani ulikuwa umeyeyuka, umekuwa kama ulimbo. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaunga, akauvisha. Nikamwambia mpira wa baiskeli hauna unene sawa, utayumbisha kasi, na kasi ikiyumba sauti inayumba. Nikamwelezea kwa kirefu. Akasikiliza hadi mwisho, kalamu sikioni.

"Mwalimu," akasema, "wewe unasahihisha mtihani ambao bado sijaufanya."

Sindano akaitoa kwenye gramafoni nyingine iliyolala chini ya meza pamoja na viatu vyake. Akaunga waya kwenye ile spika yake ya kututangazia kuwepo kwake. "Lete hiyo ndogo tujaribu."

Sikutaka, lakini nyingine nilikuwa sijaja nayo. Akaweka. Ikaanza kwa mchakacho, halafu ile sauti ya mwanamke ikapanda juu ya stendi nzima ya Bariadi. Kwa mara ya kwanza tangu nikijue kile kibanda, watu walisimama kwa sababu ya maana. Mama mmoja wa dagaa akatua beseni lake akaanza kutikisa mabega, huku anamuuliza mteja anataka fungu la mia tano au la elfu. Pikipiki zinanguruma, makondakta wanaita Maswa, Maswa, Lamadi. Na fundi, badala ya kusikiliza kasi kama nilivyomwagiza, kanyanyua simu yake juu, anarekodi.

"Unarekodi nini hapo?" nikamfokea. "Dagaa? Pikipiki?"

"Kumbukumbu, mwalimu. Wimbo mtamu."

"Hiyo si kumbukumbu. Hiyo ni takataka."

"Basi iwe takataka yangu," akasema, akaitia simu mfukoni.

Kasi, nikiri, haikuyumba. Sikumwambia.

Nyumbani nilifanya kazi kama mtu mwenye akili. Nilifunga madirisha. Nilizima jokofu. Niliwafukuza kuku hadi kwa jirani, na jirani nikamwomba azime subwoofa kwa saa moja, akaniuliza kuna msiba? Huku kwetu siku hizi kimya lazima kiwe na marehemu. Nikachomeka waya kutoka kwenye gramafoni kwenda kwenye kompyuta, nikaweka programu ya kurekodia ambayo inapatikana bure, nikajaribu mara tatu hadi mawimbi yakatulia kwenye skrini, hayagongi dari wala hayajalala chini. Mara ya nne nikarekodi. Ilikuwa safi kadiri santuri ya mkulima inavyoweza kuwa safi.

Halafu nikaanza kuisafisha. Ningeishia pale, leo nisingekuwa na la kuandika.

Ule mchakacho wa vumbi ulitoka kirahisi. Unaionyesha programu sekunde mbili za mwanzo kabla watu hawajaanza, unaiambia, hii ni kelele, itoe kote. Ikatoa. Yule mwanamke akabaki amesimama peke yake, kaoshwa, utadhani yuko chumbani nawe. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Lakini kukabaki kitu kimoja cha kukera. Kwa! Kimya. Kwa! Mkwaruzo mkavu, mkali, unakatiza wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hauendani na majembe, hauendani na kuitikia. Mtu anavuta pumzi, kwa. Kundi limeshashuka, kwa. Programu ikajaribu kuufuta yenyewe, ikashindwa, maana ulikuwa mkubwa mno.

Kwa hiyo niliufuta kwa mkono. Unauvuta wimbo hadi unaona mlima mmoja mdogo uliochongoka, unauzungushia alama, unafuta, unaunga pande mbili zilizobaki, unasikiliza. Unakwenda kwa unaofuata. Ilinichukua wiki mbili, asubuhi hadi mchana, miwani puani, chai inapoa. Waliokuja kunisalimia niliwaonyesha. Nikawaambia vijana wa mjini wanabonyeza kitufe na kuita ufundi, njooni muone kazi. Mwalimu mwenzangu mmoja aliuliza kama haiwezekani ule mlio ukawa ni wa ngoma yenyewe. Nikamwuliza yeye alifundisha somo gani. Akasema Kiswahili. Nikamwambia abaki huko huko.

Na hapa ndipo fizikia yangu yote inaponitemea mate. Santuri ndogo inazunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Mkwaruzo ukishakata mistari yake, sindano inaukuta kila mzunguko, kwa kipimo kile kile, haukosi hata mara moja. Mwendo wa duara! Nimeufundisha mpaka chaki ikaniingia mapafuni. Ule mlio haukuwa na kipimo hicho. Ulikuwa unakuja ukipenda. Niliona kwa macho yangu kwenye skrini kwamba hauji kwa mzunguko, na nikajijibu kwamba basi mikwaruzo ni mingi. Mwanafunzi wangu angeandika jibu hilo ningemchapa.

Nilipomaliza nikahifadhi wimbo juu ya ule ule wa mwanzo. Uchafu wa kazi gani?

Kisha nikataka kumrudishia baba santuri yake ikiwa inang'aa. Nikaiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikaisuuza. Sasa mimi nimezaliwa nyumba ya pamba. Kwetu kitu chochote kikilowa, jibu ni moja: anika. Pamba ikinyeshewa unaianika juani, mahindi yakilowa unayaanika, mtoto akikojoa unaanika godoro na mtoto. Nikaiweka juu ya kichanja cha vyombo, kwenye bati, saa sita mchana, Bariadi, mwezi wa saba. Nikaenda mazoezi ya kwaya nikaambiwa nachelewa. Niliporudi santuri ilikuwa imejikunja kingo zote, imekuwa bakuli. Ungeweza kuitilia mlenda. Nilisimama pale na funguo mkononi, mimi niliyefundisha kutanuka kwa vitu kwa joto, nikajiambia: ah, plastiki tu. Wimbo si ninao.

Nikaenda Sapiwi na pikipiki siku iliyofuata, simu na hedifoni kwenye pochi, bakuli nikaliacha nyumbani.

Baba alikuwa amekaa nje mbele ya nyumba, anachambua pamba, nyeupe mbali na ile fifi yenye madoa. Safi huku, fifi kule. Mkono wake haukosei, hata akiwa anaangalia pembeni. Nikapiga goti nikamsalimia karibu kabisa na sikio, "Mwadila, baba," akaitika, "Mhola, mayu," akaiona hedifoni akajua. Akanawa mikono. Akavua kofia. Nikamvika, nikaweka sauti ya mwisho, nikabonyeza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake. Nilikuwa na kitambaa tayari. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande wa kushoto, mdomo wazi kidogo, kidole cha shahada kimenyanyuka juu ya goti kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema. Kidole kikabaki hewani. Wimbo ukafika katikati, kidole bado kiko hewani. Ukaisha. Akaonyesha kwa mkono, tena. Nikarudia. Mara ya pili kidole kilishuka chenyewe kabla wimbo haujaisha, akavua hedifoni.

"Mama yako yuko wapi?" akauliza.

Nikadhani sikio limefunga. Nikampigia kelele: "Si huyo anayeongoza!"

"Huyo?" Baba alinitazama kama ananiona siku ya kwanza. "Huyo ni mke wa mhunzi. Yuko hai mpaka leo, kahamia Kimali kwa wanawe. Mama yako hakuimba. Mama yako hakuwa na sauti, mayu. Alikuwa akiimba mbuzi wanajibu."

"Sasa yuko wapi humo?"

"Nakuuliza wewe. Sisi tulimpa jembe. Jembe bovu, tulitoa mpini, analigonga kwa chuma. Kwa! Kwa! Na alikuwa anachelewa. Kila siku alikuwa anachelewa. Sisi tumeshashuka, yeye ndiyo anagonga." Akapiga paja lake kunionyesha, na lile paja lilitoa mlio ule ule niliokaa nao wiki mbili. "Wale wa gari walitaka atolewe. Mkubwa wao alisema anaharibu wimbo. Kundi lote likaweka majembe chini. Tukasema, akitoka huyu hatuimbi, maana tumezoea kunyanyua tukimsikia yeye. Wakashindwa, wakamrekodi."

Walishindwa wao, na gari lao na vyombo vyao. Nikaweza mimi, kwa miwani na chai.

Sikuwa na pa kujificha. Nilimwambia yote, nikipiga kelele, kwa sababu kwa baba yangu huwezi kuungama kwa sauti ya chini. Majirani wa pande zote wakasikia kwamba mwalimu kamfuta mama yake, pigo moja baada ya jingine, kwa mkono, kwa bidii. Alipouliza santuri, nikapiga kelele kwamba nimeianika juani. Hapo baba akafumba macho.

"Umeianika," akasema.

"Nimeianika."

"Kama pamba."

"Kama pamba, baba."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alivaa kofia yake, akavuta lundo la pamba karibu, akaendelea kuchambua. Safi huku, fifi kule. Nililia pale kwenye kigoda nikiwa na kile kitambaa nilichomletea yeye.

Kurudi mjini nilijaribu kila kitu. Nililichemshia maji lile bakuli, nikalibana katikati ya vioo viwili na matofali juu. Lilinyooka kiasi cha sahani ya ubwabwa, na sindano ilipopita iliruka kama inakanyaga miiba. Kwenye kompyuta nilitafuta ule wa mwanzo nikakuta niliofuta umefutika kweli. Mimi huwa sifanyi kazi nusu.

Ikabaki sehemu moja ya kwenda, na nilizunguka stendi mara mbili kabla ya kuiendea.

"Mwalimu!" Fundi alikuwa kashika pasi ya mtu. "Gramafoni imeyumba?"

"Haikuyumba."

"Eeh?"

"Nimesema haikuyumba. Ulifunga vizuri." Nilihisi kama najing'oa jino mwenyewe. "Fundi, ile uliyorekodi siku ile. Kwenye simu."

"Ipi, mwalimu? Mimi narekodi vingi."

Alijua ni ipi. Uso wake wote ulikuwa unajua. Mama wa dagaa naye kasogea na beseni lake, kama ananipisha njia.

"Ile takataka," nikasema.

Loh, alicheka yule mtu! Aliweka pasi chini ili acheke vizuri. "Usitukane wakunga, mwalimu, na uzazi ungalipo." Kisha akafuta macho akaniangalia, nadhani akaona uso wangu haukuwa wa utani, akaacha. "Ipo. Mbona ninawajazia watu? Kila memori ninayojaza ule wimbo unaenda humo. Wenye pikipiki wanaupenda, wanasema lile jembe linawatia nguvu."

"Lile nini?"

"Jembe. Si kuna mtu anagonga jembe? Anachelewachelewa hivi. Ndiyo utamu wenyewe."

Mtu asiyejua mwendo wa duara. Mtu anayeweka viatu na sindano mahali pamoja. Alisikia mara moja tu, kwenye kelele za stendi nzima, akajua ni jembe. Nilikaa kwenye kiti chake cha wateja, kile chenye msumari, nikampa simu yangu. Alikataa malipo, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake kwangu.

Siku hiyo hiyo nilirudi Sapiwi. Baba alivua kofia tena. Nikamvika hedifoni, na mimi nikashika upande wa kulia, lile sikio lake lililokufa, nikaugeuza ule upande nje ili nisikie pamoja naye. Pikipiki zikanguruma. Maswa, Maswa, Lamadi. Mke wa mhunzi akapanda juu, na kwa kweli ana sauti nzuri, Mungu amweke. La mia tano au la elfu? Kundi likaitikia, majembe yakashuka.

Kwa!

Kidole cha baba kikagonga goti. Akacheka, meno mawili yaliyobaki yakaonekana. "Umechelewa," akasema, na hakuwa anasema na mimi. "Umechelewa tena."

Akasikiliza hadi mwisho, anamgombeza kila mara. Mimi nikawa napiga mkono kwenye kigoda kufuata kundi, majembe yanaposhuka nami nishuke. Nilijitahidi. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, mkono wangu ulikuwa unashuka pamoja na ile 'Kwa!' Baba aliuona. Akautazama mkono, akautazama uso wangu, akageukia pembeni kuangalia pamba yake.

Sikio lilifunga kabla ya palizi. Siku hizi nikienda ananyoosha mkono, anataka hedifoni, namvika, nabonyeza. Hasikii kitu. Najua, kwa sababu nimepima, nimemfyatulia vidole nyuma ya kisogo hakugeuka. Lakini anautazama mkono wangu ukibonyeza, anasubiri kiasi anachokijua yeye, kisha kidole kinaanza kugonga goti. Mimi nasikiliza upande wa pili. Hakosei. Anachelewa sawasawa.

Jumamosi iliyopita mwenye sweta alisimamisha kinanda, akafunga macho. "Mama," akasema, "sauti ipo. Ila unachelewa, na safari hii itabidi nifikirie kukutoa kwenye wimbo wa sikukuu."

Nikamwambia ajaribu kunitoa aone.